Bwana shamba wa nchi kavu afundwe wapi: chuoni, kwenye shamba darasa au jangwani ng'ambo?

Msimu wa bajeti ukikaribia huwa napigiwa simu na wakuu wa idara za kilimo, wengine marafiki wa zamani, wengine hatujawahi kuonana. Habari ni ileile. Halmashauri ni kavu, maafisa ugani ni wachache, fedha za mafunzo zimepatikana kidogo, na mezani kuna barua tatu. Moja inatoka chuo cha kilimo. Nyingine ni ya shirika linaloandaa wawezeshaji wa mashamba darasa, yaani vikundi vya wakulima vinavyojifunzia shambani msimu mzima. Ya tatu inaahidi nafasi katika nchi ya jangwa, huko walikofanikiwa kuotesha pilipili hoho kwenye mchanga. Zote zimeandikwa "kilimo endelevu" na "maeneo kame". Nichague ipi?

Nimekuwa bwana shamba kwa miaka 19, mingi kati ya hiyo nikiwa Dodoma na Singida, na jibu langu limetokana na aibu ya msimu wangu wa kwanza.

Nilipopelekwa kijijini nilikuwa na cheti kizuri na kamba yenye vifundo: sentimita 75 kati ya mistari, 30 kati ya mashina. Nilikuwa nimesomea mahali ambapo mvua haibahatishi. Mwezi wa kwanza mahindi ya shamba la mfano yalipendeza hata diwani akaja kupigwa nayo picha. Siku hiyo mama mmoja mtu mzima alinivuta pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mvua ikikata mwezi wa pili, umeambiwa tufanye nini?" Sikuwa nimeambiwa kitu. Wiki mbili baadaye mvua ilikata, ikakaa siku 23. Mahindi yalijikunja kama majani ya kitunguu na hayakuinuka tena. Mtama wa yule mama, upande wa pili wa njia, ulilala tu. Mvua iliporudi, ukaamka.

Tangu hapo mafunzo ya mshauri wa nchi kavu nayapima kwanza kwa jambo moja: siku mvua itakapokata, mwanafunzi atakuwa bado mikononi mwa mwalimu wake? Kama atakuwa ameshapewa cheti na kurudi ofisini, basi sehemu ngumu ya kazi yake ataisomea kwenye shamba la mkulima, kwa gharama ya mkulima.

Ukame haulingani

Kabla ya kulinganisha walimu, linganisha mbingu. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Lodwar, makao makuu ya Turkana kaskazini mwa Kenya, hupata takribani 200. Jodhpur, ukingoni mwa jangwa la Thar nchini India, hupata kama 360, nyingi zikianguka kati ya Julai na Septemba. Bonde la Arava, kusini mwa Israeli, hupata kama 30, na Dubai mara nyingi haifikishi 100.

Namba hizi zinasema jambo ambalo barua za mafunzo hazilisemi. Arava hakuna anayengoja mawingu. Maji hutoka visimani, hupimwa, hugawiwa tone kwa tone, na mkulima anajua leo kiasi atakachokuwa nacho wiki ijayo. Dodoma, Kitui au Manyoni mkulima mdogo hana bomba. Ana mvua tano au sita kubwa ambazo zinaanguka kwa saa moja, zinakimbilia korongoni, na kuondoka na udongo wake wa juu. Wa kwanza anahitaji mshauri anayejua kugawa maji. Wa pili anahitaji mshauri anayejua kuyakamata. Hizo ni fani mbili, na nimeona fedha nyingi zikipotea kwa kumsomesha mtu fani ya kwanza kisha kumpa kazi ya pili.

Chuoni

Chuo kina uzito wake na sitaubeza. Hakuna mahali pengine ambapo kijana atakaa miaka miwili au mitatu akasoma udongo, wadudu, magonjwa na uchumi wa shamba kwa mpangilio. Tena cheti hupandisha daraja la mshahara, na mtu mwenye familia ana haki ya kulitazama hilo.

Tatizo ni ramani. Vyuo vyetu vingi vya zamani vimekaa penye neema. Uyole iko nyanda za juu za Mbeya, Bukura iko Kakamega, na Egerton, iliyoanza mwaka 1939 kama shule ya walowezi, iko Njoro. Mwanafunzi anaona bustani inayomea, naye anaondoka akidhani kumea ndiyo hali ya kawaida ya mmea. Kwa hiyo, ukichagua chuo, chagua na mahali. Kwa mifugo kuna chuo cha LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, huko Mpwapwa. Kwa Wakenya kuna chuo kikuu cha South Eastern Kenya huko Kitui. Kama hilo haliwezekani, basi ng'ang'ania mazoezi ya vitendo yafanyike kwenye vituo vya utafiti vilivyo kavu: Hombolo na Makutupora upande wa Dodoma, Katumani na Kiboko upande wa Ukambani.

Kwenye vituo hivyo mwanafunzi atajifunza tofauti ambayo mimi nilifundishwa na mama wa mtama. Mahindi ya Katumani hukwepa ukame: yanawahi kukomaa kabla mvua haijaisha. Mtama huvumilia ukame: unasimamisha ukuaji na kusubiri. Mahali ambapo mvua huanza vizuri na kuisha mapema, zao la kukwepa litakufaa. Mahali ambapo mvua hukatika katikati kisha ikarudi, la kukwepa litanaswa likiwa linachanua, na la kuvumilia litakuokoa. Mshauri asiyejua kutofautisha mambo hayo mawili huita kila mbegu "inayostahimili ukame" na kuigawa popote.

Kwenye shamba darasa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo na pia ndipo pana mambo ya kuonya.

Shamba darasa lilizaliwa Indonesia mwaka 1989 chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye mpunga, baada ya dawa kuua wadudu rafiki na kumwacha mdudu mharibifu akizaliana bila adui. Afrika Mashariki lilifika katikati ya miaka ya 1990. Kundi la wakulima 25 hadi 30 hukutana kila wiki, msimu mzima, kwenye shamba moja lenye vipande viwili au vitatu. Kipande kimoja hulimwa kwa mazoea ya kijiji, kingine kwa njia inayojaribiwa. Kanda ya kati hiyo maana yake ni kuberega (kupanda bila kutifua) upande huu na matuta yaliyofungwa (yaliyozibwa katikati ili maji yasikimbie) upande ule, au sesa tupu (shamba lisilo na matuta) hapa na mashimo yenye samadi pale. Mwezeshaji anayefunzwa huliongoza kundi hilo huku naye akiongozwa na mkufunzi, tangu kuandaa shamba hadi kupima mavuno.

Kila wiki vikundi vidogo huingia shambani, huchagua mashina, huhesabu majani na wadudu, hugusa udongo, kisha huchora walichokiona kwenye karatasi za manila na kujadili la kufanya. Kazi ngumu ya mwezeshaji ni kunyamaza. Mkulima akimletea mdudu na kuuliza ni nani huyu, anajibu kwa swali: umemkuta wapi, alikuwa anakula nini, wako wangapi? Bwana shamba aliyezoea kuwa mtu wa majibu huteseka sana wiki za mwanzo. Nimeona wenzangu wakiuma midomo. Lakini mwezi wa pili ukifika na mvua ikakata, kundi zima huchimba hadi kiwiko kwenye tuta lililofungwa na kwenye sesa, wanafinyanga udongo wa huku na wa kule viganjani, na hapo huhitaji kuhubiri. Udongo wa tuta unashikana, ule mwingine unamwagika kama unga.

Kule Chololo, kijiji kilicho nje ya mji wa Dodoma, ipo aina ya mashimo ya kupandia inayoitwa kwa jina la kijiji, na aliyeibuni ni mkulima wa hapohapo. Kuanzia mwaka 2011 mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya uliwaleta pamoja watafiti, maafisa wa manispaa na wanakijiji kujaribu mbegu za muda mfupi, ripa ya Magoye (jembe la ng'ombe linalopasua mistari ya kupandia tu), matuta yaliyofungwa na samadi kwenye mashamba yaleyale. Mshauri aliyepita kwenye mazingira kama hayo anarudi na tabia ya kuuliza kwanza wenyeji wamebuni nini. Turkana nako, tangu mwaka 2006, FAO, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo (ILRI) na Madaktari wa Mifugo Wasio na Mipaka wa Ubelgiji waligeuza mtindo huo ukawafaa wafugaji. Darasa likawa chini ya mti, likafuata kalenda ya mifugo, malisho na kuhama, kwa kuwa mbuzi hasubiri msimu wa kuvuna.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda tabia ya kujaribu kipande kidogo kwanza, nayo inaitwa mathenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakazi wa Baringo waliletewa mti huo na wataalamu kama dawa ya ukame: unakua haraka, una kuni, unazuia mchanga. Ukajaa. Ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 Wailchamus, wafugaji wa huko, waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Waliousambaza walikuwa na nia njema, na shule walikuwa nayo. Kilichokosekana ni misimu michache ya kuutazama kwenye uwanja mdogo, pamoja na wenye mbuzi, kabla ya kuupeleka kila mahali.

Sasa maonyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Kenya, Tanzania na Uganda ulikuta mapato ya washiriki wa mashamba darasa yamepanda kwa asilimia 61, lakini matokeo yalitofautiana sana kati ya nchi na nchi. Uchunguzi mwingine wa Indonesia, wa mwaka 2004, haukuona faida ya maana, si kwa washiriki wala kwa majirani zao. Mimi nayaamini yote mawili, maana nimeyaona yote mawili. Kundi linaloongozwa na mwezeshaji aliyefundwa msimu mzima huwa hai. Kundi la mwezeshaji aliyepewa semina ya siku tano na bango kitita hugeuka mkutano wa posho, na posho ikiisha shamba linarudi kuwa pori. Kwa hiyo barua ya shirika isomwe kwa makini. Ikiandika "mafunzo ya wawezeshaji, siku tano", hayo si mafunzo ninayoyasifu hapa hata kama jina ni lilelile.

Siku tano zina kazi moja ninayoikubali. Ipo mbinu ya PICSA, iliyotoka Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza, ambayo kwetu ilianza kutumika Kiteto na Longido. Afisa ugani hufundishwa kusoma kumbukumbu za mvua za miaka mingi za eneo lake, kuzichora, na kuketi na mkulima wakahesabu: katika miaka 30, ni mingapi ambayo msimu ulidumu siku za kutosha kwa mbegu hii? Wiki hiyo, ikiwekwa kabla tu ya msimu wa shamba darasa, humfanya mshauri aache kusema "mvua zimebadilika" na aanze kusema zimebadilika vipi, hapa kwetu, na kwa kiasi gani.

Jangwani ng'ambo

Arava ndiyo inayotajwa zaidi. Kituo cha kimataifa cha mafunzo ya kilimo kilichoko Sapir kilianza mwaka 1994 na hupokea vijana kutoka Asia na Afrika kwa karibu mwaka mzima. Siku nyingi za wiki wako mashambani wakifanya kazi kwa wakulima, siku moja wako darasani. Kwa kipimo changu cha siku ngumu, wanafaulu upande mmoja: kijana anakaa msimu kamili, anaona pampu ikifa, anaona chumvi ikipanda kwenye udongo kwa sababu maji ya visima vya kule ni ya chumvichumvi, na anajifunza kuandika kila lita na kila kreti. Nidhamu hiyo ya kumbukumbu huwezi kuinunua kwingine kirahisi. Lakini mpango huo unawafaa wanafunzi vijana kuliko afisa aliyeko kazini mwenye vijiji vitatu vya kuhudumia. Na akirudi mahali pasipo kisima, umeme wala soko la hoho, maarifa yake hukosa pa kushika. Mipira ya kumwagilia kwa matone huziba, kichujio hakipatikani wilayani, mwaka wa pili mipira hiyo inafungia mbuzi.

Lipo na jambo zito zaidi. Tarehe 7 Oktoba 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la Hamas kusini mwa nchi hiyo. Arava ni mbali na pale walipokuwa, lakini tangu siku ile sioni mkuu wa idara mwenye haki ya kusaini barua ya namna hiyo kabla ya kukaa na wazazi wa anayetumwa.

Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo ina kitu ambacho wageni wetu hawaombi kuonyeshwa. Huko Avdat, kwenye nyanda za Negevu penye mvua ya milimita 100 hivi, Wanabatea wa kale walilima bila kisima. Walielekeza maji ya mvua kutoka kwenye miteremko ya mawe hadi kwenye vishamba vidogo bondeni. Mwanasayansi Michael Evenari na wenzake waliyafufua mashamba hayo kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 na wakakuta kwamba eneo la kuvuna maji lilikuwa karibu mara 20 ya shamba lenyewe. Kwa mshauri wa Turkana au Marsabit, hesabu hiyo ya 20 kwa 1 ina thamani kuliko banda la kisasa la nailoni. Inamwambia asihangaike kulima kila mahali: akusanye mvua ya ekari 20 ailishe ekari moja.

Ndiyo maana, nikilazimika kuchagua ng'ambo kwa mshauri wa kilimo cha mvua, ninaitazama Jodhpur. Taasisi ya utafiti wa maeneo kame, CAZRI, iko hapo tangu mwaka 1959, na serikali ya India kupitia mpango wake wa ITEC hugharamia nafasi za kozi fupi kwa watumishi wa nchi zetu. Mvua yao ni ndogo kuliko ya Dodoma, mkulima wao ni mdogo kama wetu, ana mbuzi kama wetu, na analima uwele. Upande wa Jaisalmer kuna khadin: tuta refu la udongo chini ya mteremko, linalozuia maji yatulie na kuzama, kisha mkulima anapanda kwenye unyevu uliobaki. Msukuma akionyeshwa khadin atasema hili ni jaluba, kama lile la mpunga lenye kingo za kuzuia maji, na hapo mazungumzo ya wataalamu yanaanza. Kasoro ya Jodhpur ni ufupi. Wiki tatu zinatosha kuona, hazitoshi kukosea na kusahihishwa.

Dubai nitaitaja kwa haja moja, yaani chumvi. Kituo cha ICBA, kilichoanzishwa mwaka 1999, kinafundisha kilimo cha kutumia maji ya chumvi na mazao yanayoyahimili. Turkana inajua uchungu wa jambo hilo. Mwaka 2013 ulimwengu uliambiwa kuna ziwa kubwa la maji chini ya ardhi ya Lotikipi, na vipimo vya baadaye vikaonyesha maji yake yana chumvi kupita kiasi. Afisa mmoja wa umwagiliaji anayejua kupima chumvi na kusema "hapa tusichimbe" atailipia kaunti yake nauli hiyo mara nyingi.

Kama ningekuwa nasaini mimi

Afisa ugani aliyeko kazini, mwenye vijiji vya mtama, uwele, mbaazi na ng'ombe, nisingempeleka mbali. Ningempa wiki ya kusoma mvua za eneo lake, kisha msimu mzima wa shamba darasa chini ya mkufunzi anayelala palepale wilayani. Fedha zikibaki, nitampeleka na wakulima wawili wakatembelee kijiji kingine kavu, maana mkulima humwamini mkulima haraka kuliko anavyotuamini sisi.

Afisa wa umwagiliaji, au kijana mwenye kisima na soko, huyo ng'ambo itamfaa. Aende akijua anakwenda kujifunza kugawa maji, chumvi na kumbukumbu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana msingi wa sayansi, aende chuoni kwanza bila kuona haya, kisha mwaka wake wa kwanza kazini uwe wa shamba darasa. Na wafugaji wa kuhamahama wasitafutiwe bwana shamba wa mahindi hata kidogo: watafutiwe mtu aliyepita kwenye madarasa ya wafugaji, hata kama cheti chake ni chembamba.

Lakini kuna kitu kimoja nitakitazama kabla ya jina la mtoa mafunzo, nacho ni tarehe. Mwaka wetu wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Fedha ambayo haijatumika inarudi, kwa hiyo mafunzo mengi yanasukumwa Mei na Juni. Dodoma miezi hiyo mtama umekomaa au umeshavunwa, ardhi imekauka, na hakuna tuta la kuchimba wala mdudu wa kuhesabu. Mwalimu hana budi kufundisha mvua kwa picha za ukutani.

Mkuu wa idara wa mwisho kunipigia alinisomea ratiba yote, nzuri, ya shamba darasa, wakufunzi ninaowaheshimu. Inaanza lini, nikamuuliza. Akasema tarehe 12 Mei. Nikamwomba asisaini. Arudi kwa shirika na kwa mweka hazina, fedha iingizwe kwenye mwaka mpya, na kundi lianze Novemba, wakati watu wanapanda kwenye udongo mkavu kabla ya mvua na hakuna mtu kijijini anayejua msimu utakuwaje, akiwemo mkufunzi.